Mawe ya Karthago



Wazee walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Basi mwezi huu ukurasa wetu wawachukueni safari ya mbali, mpaka pwani ya kaskazini ya Afrika, kwenye Bahari ya Mediteranea, tukayatazame magofu ya kanisa la kale. Huenda mtu akauliza: Yatufaa nini mawe ya nchi ya watu, nasi tunayo mawe yetu tele hapa Musoma, mengine makubwa kuliko nyumba? Twamjibu: mawe yale yana ujamaa nasi kuliko adhaniavyo. Na avumilie mpaka tufike. Ujamaa wenyewe ataujua njiani.

Kabla ya kuondoka, tushike neno moja la nyumbani. Wazanaki wana neno itongo, maana yake ni mahali palipokuwa mji wa watu, kisha wakahama. Kwa neno hilo kile kilima cha Butiama, alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, chaitwa Mwitongo. Kiswahili nacho husema mahame. Mzee apitaye penye mahame hatafuti kuta, kwa kuwa kuta za udongo zimekwisha kuliwa na mvua. Hutafuta mafiga, na jiwe la kusagia, na majivu yaliyozama ardhini. Akiyaona husema: Hapa palikuwa na moto, hapa watoto walilishwa. Basi na sisi tuyatazame magofu ya Karthago kwa jicho la mzee huyo.

*Kanisa lenyewe*

Karthago ipo katika nchi ya Tunisia, yapata kilometa 15 kutoka mji mkuu wa Tunis, juu ya vilima vinavyoitazama bahari. Mji wa kwanza ulijengwa na Wafoinike. Warumi wakaubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, kisha wakaujenga tena wenyewe, hata ukawa mmoja wa miji mikubwa kabisa ya dola yao. Nje kidogo ya ukuta wa mji, upande wa kaskazini, kuna uwanja uitwao Damous el-Karita. Jina hilo lasikika kama Kiarabu, lakini wengi hudhani ni maneno ya Kilatini yaliyogeuzwa vinywani mwa watu, domus caritatis, yaani nyumba ya upendo.

Mgeni afikaye leo haoni dari wala mlango. Aona vipande vya nguzo vimepangwa safu kwa safu juani, vingine virefu, vingine havipiti goti, na majani yameota kati yake. Lakini akianza kuhesabu hatua, moyo wake hustaajabu. Jengo lile lilikuwa na urefu wa meta 65 na upana wa meta 45, nalo liligawanywa na nguzo kuwa njia tisa, za kuketi na za kupita. Kando yake kuna chumba cha mviringo kilichochimbwa chini ya ardhi, chenye ngazi za kushukia. Pande zote walizikwa Wakristo, kwa maana kila mtu alitaka kulala karibu na mashahidi. Vipande vya maandishi ya makaburi vilivyookotwa hapo vyahesabiwa kwa maelfu.

Mawe mazuri hayapo tena. Kwa muda wa karne nyingi watu walikuja kuyachukua wajengee nyumba zao. Nguzo nyingi za msikiti mkuu wa Zaytuna mjini Tunis zilitoka katika magofu ya Karthago. Jambo hilo lisitushangaze, kwani nyumba iliyokimbiwa na wenyewe, mawe yake ni mali ya mpita njia. Neno la kuuliza ni hili: Wenyewe walikwenda wapi?

*Watu wa kanisa lile*

Tusidhani ya kuwa walikuwa Wakristo hafifu. Mwaka 180 watu kumi na wawili wa kijiji cha Scillium, wanaume saba na wanawake watano, waliletwa Karthago mbele ya liwali, wakauawa kwa ajili ya imani. Walipoulizwa wana nini katika kisanduku chao, walijibu ya kuwa ni vitabu na nyaraka za Paulo. Hawakuwa wakubwa wa nchi, walakini walitembea na Maandiko.

Mwaka 203 walifungwa wakatekumeni kadhaa wa Karthago. Mmoja alikuwa Perpetua, binti wa watu wenye cheo, mwenye umri wa miaka ipatayo 22, na mwana anyonyaye mikononi. Mwingine alikuwa Felisita, mtumwa, mwenye mimba ya miezi minane. Walibatizwa wakiwa wamekwisha kukamatwa. Baba yake Perpetua, mzee wa mvi, alimjia mara kwa mara akimsihi kwa machozi aikane imani, amhurumie yeye na mtoto. Felisita alijifungua gerezani, na mwanamke Mkristo akamchukua yule kichanga akamlea kama binti yake. Tarehe 7 Machi bibi na mtumwa waliingia pamoja katika uwanja wa wanyama wakali, wakafa. Uwanja huo nao u magofu leo. Lakini kuna kitu kimoja cha Perpetua ambacho hakikuwa gofu: gerezani aliandika kwa mkono wake habari zake, na maandishi hayo tunayo hata sasa, katika yale ya kale kabisa yaliyoandikwa na mwanamke Mkristo.

Baada yao akatokea Sipriani, Askofu wa Karthago, aliyekatwa kichwa mwaka 258. Kisha Augustino, mwana wa Monika, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa Askofu wa Hipo, akafa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali. Mwaka 411, maaskofu wa Afrika walipokutana Karthago, walikuwa zaidi ya 500. Fikirini, wasomaji: maaskofu zaidi ya 500! Na leo, katika nchi ile, hakuna hata jamaa moja iwezayo kusema ya kuwa imepokea Ukristo kutoka kwa wazee hao, baba kwa mwana, pasipo kukatika.

*Taa iliyozimika polepole*

Watu wengi husema upesi: ni vita vilivyoua kanisa lile. Vita vilikuwapo kweli. Wavandali waliutwaa mji mwaka 439. Jeshi la Kaisari wa Konstantinopoli likawafukuza mwaka 533. Waarabu wakauteka mwaka 698. Lakini hesabu ya miaka yaonyesha ya kuwa vita peke yake havitoshi kuwa jibu. Katika mji wa Kairouan, ambao Waarabu wenyewe waliuanzisha mwaka 670, yameonekana makaburi ya Wakristo ya karne ya 11, yenye maandishi ya Kilatini. Mwaka 1053 Papa Leo wa Tisa aliandika kwa huzuni ya kuwa Afrika yote imebakiwa na maaskofu watano. Mwaka 1076 Papa Gregori wa Saba aliandika ya kuwa hawapatikani hata watatu, ambao ndio wanaotakiwa ili kumweka askofu mmoja wakfu. Kwa hiyo, baada ya Karthago kutekwa, kanisa lile liliendelea kuwaka karibu miaka 400, likififia kama taa isiyotiwa mafuta. Basi swali si nani aliyeipuliza taa. Swali ni kwa nini mafuta yalikwisha.

Wenye elimu hutaja sababu nyingi, wala hawapatani katika zote. Sisi tutazame mbili zinazotugusa.

Ya kwanza ni ugomvi wa ndugu. Wakati wa mateso ya miaka ya 303 hadi 305, Wakristo wengine waliogopa wakawapa askari vitabu vitakatifu vichomwe. Mateso yalipokwisha, ukazuka ushindani: Je, askofu aliyewekwa na mtu wa namna hiyo ni askofu kweli? Waliosema hapana wakajitenga, wakaitwa Wadonati. Ugomvi ukadumu zaidi ya miaka 100. Wale maaskofu zaidi ya 500 wa mwaka 411 hawakukutana kusali, bali walikutana kushitakiana, nusu upande huu na nusu upande huu. Mji mmoja ulikuwa na makanisa mawili na maaskofu wawili. Augustino ameandika ya kuwa siku moja, akiwa kanisani Hipo, alisikia kelele za karamu za wale wengine kanisani mwao. Kwa hasira hiyo palipigwa watu, palichomwa nyumba. Jirani asiyeamini aliona nini hapo cha kutamani?

Sababu ya pili ni ya kimya zaidi, nayo ni lugha. Kanisa la Karthago lilisali Kilatini, likahubiri Kilatini, likaandika Kilatini, nacho kilikuwa lugha ya mji, ya serikali na ya shule. Lakini mashambani wengi walisema Kipuniki, ile lugha ya Wafoinike, na milimani walisema lugha za Waberiberi. Augustino aliona hatari hii. Mji mdogo wa Fussala ulipohitaji askofu, alitafuta kwa bidii mtu ajuaye Kipuniki, kwa sababu watu wake hawangemsikia mwingine. Walakini hakuna hata ukurasa mmoja wa Biblia ya Kipuniki, wala ya Kiberiberi cha siku zile, uliotufikia. Serikali ya Kilatini ilipoanguka, na watu wakubwa wa mjini walipopanda merikebu wakaenda Italia na kwingineko, walikwenda pia na sala.

Linganisheni na Misri. Huko Maandiko yaligeuzwa mapema katika Kikopti, lugha ya mkulima wa Nile, na watawa wengi walikuwa wana wa wakulima. Waarabu waliitwaa Misri mwaka 641, kabla ya Karthago. Hata hivyo Wakopti wapo mpaka leo, mamilioni ya watu, wakibatiza watoto wao. Ethiopia nayo ilipata Maandiko kwa lugha yake ya Kigeezi, na kanisa lake limesimama tangu karne ya nne. Hatusemi ya kuwa lugha peke yake ndiyo iliyowaokoa. Lakini mzee wetu wa mahame angeelewa mara moja: huko Misri moto uliwashwa katikati ya mafiga; Karthago uliwashwa sebuleni, na wageni walipoondoka, ukazimika.

*Kutoka Karthago mpaka Nyegina*

Sasa twafika kwenye ule ujamaa tuliouahidi. Mwaka 1867 Charles Lavigerie alifanywa Askofu Mkuu wa Algiers, na mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa kanzu zao twawaita Mapadre Weupe. Mmoja wao, Padre Alfred-Louis Delattre, aliwekwa Karthago mwaka 1875, akaanza kuchimba. Mwaka 1878 yakaonekana mawe ya Damous el-Karita. Na mwaka huo huo wa 1878 msafara wa kwanza wa shirika hilo hilo ulitua Bagamoyo, ukashika njia ya kwenda kwenye maziwa makuu. Padre Pascal alikufa njiani, wengine wakaendelea. Mwezi wa Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka Ziwa Nyanza, wakafika Buganda. Hivyo, ndugu wengine walikuwa wakifukua kanisa lililokufa, na ndugu wengine wakienda kupanda jipya, chini ya mkubwa mmoja. Mwaka 1911 shirika hilo likafungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma.

Lavigerie aliishi kati ya magofu yale, naye hakuyatazama bure. Aliwaagiza watu wake waseme lugha ya wenyeji, wale chakula chao, wavae kama wao. Tena alirudisha desturi ya kanisa la kale ambalo wengi walikuwa wameisahau: mtu asibatizwe upesi, bali afundishwe na kujaribiwa kwa muda wa miaka minne, kama wakatekumeni wa zamani za Perpetua. Wazee wa Mara waliotembea kwa miguu mpaka Nyegina miaka mingi kabla ya kupata maji ya ubatizo, wengine wakinung'unika kwa urefu wa safari hiyo, huenda hawakujua ya kuwa sheria ile ina mizizi Karthago. Mmoja wa waliongojea ni kijana wa Butiama, aliyeanza kuyasikia mafundisho akiwa mwanafunzi wa shule ya Musoma. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, mwenye umri wa miaka 21, akaitwa Julius. Mtu huyo, baada ya kazi kubwa zote zilizojulikana duniani, aliketi akazitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Mtu aliyetawala nchi hakuona ni kazi ndogo kuitia Injili katika mizani ya wimbo wa watu wake.

*Basi sisi je?*

Mavuno ya Mara ni mengi. Nyegina ilikuwa mbegu. Mwaka 2010 Bunda nayo ikawa jimbo lenye askofu wake. Ndugu Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934, na madhehebu mengine yamejenga kila upande. Makanisa ya matofali na mabati yazidi kusimama, na kila Jumapili michango yatangazwa. Ni vema. Lakini Damous el-Karita lilikuwa pana kuliko kanisa lolote tunalolichangia. Ukubwa wa jengo haujalizuia kanisa lolote lisiwe mahame.

Yatupasa tutazame mafiga. Katika nyumba yako, baba, nani aongozaye sala jioni, na kwa lugha gani? Mtoto wa Kizanaki, wa Kikwaya, wa Kijita, wa Kikurya, acheka na kulia kwa lugha fulani. Kama katika lugha hiyo hajasikia hata mara moja jina la Mungu likitajwa kwa upendo, imani kwake ni nguo ya shule, ambayo huvuliwa arudipo nyumbani. Na katika nyumba nyingi za mjini Kiswahili chenyewe ndicho kimekuwa lugha ya mafiga. Basi na kisemwe hapo, si madhabahuni tu. Hatuna neno na lugha hii wala ile. Twaulizia moto u wapi. Tangu miaka ya 2000 iko kazi mjini Musoma ya kugeuza Maandiko katika lugha za Mara. Bibi ajuaye kusimulia ni msaada mkubwa katika kazi hiyo, kuliko adhaniavyo yeye mwenyewe.

Na ugomvi je? Vijiji vyetu vina makanisa mawili, matatu, yakitazamana. Kengele ya huku yasikika kule, na vipaza sauti vya kule vyasikika huku. Si lazima tuwe Wadonati. Kupishana kwa mafundisho ni jambo moja. Kukataa kumzika jirani, au kumfundisha mtoto kumdharau mwana wa jirani, ni jambo lingine. Hilo la pili ndilo lililokula mafuta ya Karthago.

Perpetua alikuwa mama mchanga, Felisita alikuwa mtumwa, na yule aliyemlea kichanga hata jina lake hatulijui. Nguzo za kanisa zimeanguka. Habari za wanawake hao hazikuanguka, kwa kuwa mmoja aliandika na wengine wakasimulia. Andikeni nanyi: ni nani aliyebatizwa kwanza katika ukoo wenu, alifundishwa na nani, alitembea siku ngapi. Wazee wanaojua wanaondoka mmoja mmoja.

*Kwa walimu*

Mkiusoma ukurasa huu darasani au katika jumuiya, waulizeni wanafunzi haya matatu, kisha waacheni waseme wenyewe: Je, katika kijiji chetu kuna mahame, na wazee hujuaje ya kuwa palikaliwa? Je, kwa nini kanisa la Misri lilidumu, na la Karthago likakoma? Je, nyumbani kwetu sala ya mwisho iliyosaliwa kwa lugha ya bibi ilisaliwa lini? Swali la tatu msilijibu ninyi kwa niaba yao. Waende nalo nyumbani, wakamwulize bibi akiwa amekaa jikoni.